Somo: GCC au Clang? Pima mwenyewe kasi ya programu ya usimbaji fiche

Wana-Dodoma, salaam. Kabla hujauliza kati ya GCC na Clang kompaila ipi ni bora (kompaila ni programu inayogeuza msimbo uwe maagizo ya prosesa), jua kwanza kazi nzito ndani ya programu yako imeandikwa kwa lugha gani. Kama ni asembli, yaani maagizo ya prosesa yaliyoandikwa moja kwa moja, kompaila haina pa kugusa. Kama ni C, hapo ndipo zinapoachana.

Hatua ya 1. Kagua prosesa: `grep -o -m1 -w aes /proc/cpuinfo`. Ikijibu `aes`, unayo maagizo ya AES-NI, ya kuharakisha AES (njia moja ya usimbaji), ambayo Intel ilianza kuyaweka mwaka 2010. Laptopu nyingi za mtumba zenye Core i3 za mwanzo hazina.

Hatua ya 2. Pakua msimbo wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji, uweke kwenye mafolda mawili. Kwenye la kwanza andika `CC=gcc ./config no-shared`, la pili `CC=clang ./config no-shared`, kisha `make` kote kuwili.

Hatua ya 3. Pima kila moja: `./apps/openssl speed -evp aes-256-gcm`. Soma safu ya mwisho, ya baiti 16384. Namba ni maelfu ya baiti kwa sekunde. Kwenye prosesa yenye AES-NI utakuta zimekaribiana sana, maana asembli ni ileile iliyoandikwa kwa mkono. Watu wengi huishia hapa wakasema kompaila hazina tofauti. Wamepima kitu kingine kabisa.

Hatua ya 4. Safisha kwa `make clean`, rudia ukiongeza `no-asm` (bila asembli) kwenye `./config`. Kasi itaporomoka hata kama una AES-NI, kwa sababu njia hiyo nayo imo kwenye asembli. Sasa ndiyo unapima kompaila. Jaribu pia `-evp chacha20-poly1305`: ChaCha20, njia nyingine ya usimbaji, ni kujumlisha, kuzungusha biti na XOR (kulinganisha biti mbili mbili) tu, kwa hiyo kompaila ina nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Halafu unda tena na `-O3 -march=native` (uboreshaji mkubwa, kwa prosesa yako hasa), ulinganishe.

Joto letu la Oktoba linaharibu vipimo. Feni ikianza kuvuma, fungua dirisha la pili, andika `grep MHz /proc/cpuinfo`, utaona prosesa inavyojipunguzia mwendo. Pima alfajiri, chaja ikiwa imechomekwa, na upishanishe: GCC, Clang, GCC, Clang. Ukimaliza moja yote ndipo uanze nyingine, ya pili inaonewa.

Hatua ya 5. Hii naomba msiiruke. Kompaila ikiona `memset` (amri ya C ya kujaza kumbukumbu) inafuta ufunguo kwenye kumbukumbu ambayo hakuna anayeisoma tena, ina haki ya kuitupa `memset` hiyo, na ufunguo ukabaki. Tumia `explicit_bzero` au `OPENSSL_cleanse`. Pia inaweza kugeuza hesabu isiyo na matawi (maamuzi ya "kama hivi, fanya vile") ikawa na matawi, muda wa kazi ukaanza kuvujisha siri. Ukibadili kompaila au kiwango cha `-O`, fungua matokeo kwa `objdump -d`, inayoonyesha asembli iliyotoka, uangalie. Kasi iliyopatikana kwa kuvujisha ufunguo mimi siihesabu.

Maswali ya wanachama

*Nkuhungu:* Mkuu, nikiunda na `-march=native` kwangu, naweza kuipeleka kwenye seva ya ofisi?

Usifanye hivyo, kaka. Seva ikikosa maagizo ya prosesa yako, programu inakufa na ujumbe wa `Illegal instruction`. Iunde kwenye seva yenyewe.

*Makulu:* Shikamoo mwalimu. Natumia Raspberry Pi 4, nifanyeje?

Marahaba. Prosesa yake haina maagizo ya AES. Chagua ChaCha20 ya Daniel J. Bernstein ya mwaka 2008; haitafuti kwenye majedwali kwa kutumia siri, kwa hiyo muda wake hauvujishi siri kwa njia hiyo, na ni salama zaidi kuliko AES inayotumia majedwali.

*Kisasa:* Diski yangu ya nje imesimbwa kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), kunakili mafaili kunachukua muda mrefu. Kompaila itanisaidia?

Dada, endesha kwanza `cryptsetup benchmark`. Inapima usimbaji kwenye kumbukumbu tu, bila diski. Ikionyesha kasi kubwa kuliko ya diski yenyewe, tatizo ni diski au kebo ya USB. Anza na hizo.