Jinsi ya kufuatilia maisha ya rubani Mbelgiji aliyerusha ndege za RAF, jeshi la anga la Uingereza

Kwanza usianzie Brussels, utazunguka bure. Ubelgiji ilisalimu amri Mei 28, 1940, marubani waliofanikiwa kutoroka wakaishia Uingereza wakavalishwa yunifomu za RAF, so makaratasi yao mengi ya vita yako kwenye mafaili ya Waingereza.

Jua skwadroni yake, yaani kikosi chake cha ndege. 350 ilianza Novemba 1941, 349 ilizaliwa Ikeja, Nigeria, 1942, na 609 ilikuwa ya Waingereza ila imejaa Wabelgiji kibao.

Ukishapata namba ingia tovuti ya nyaraka za taifa za Uingereza, tafuta fungu AIR 27, ndimo zilimo kumbukumbu za kazi za kila skwadroni. Fomu 540 ni stori ya siku, 541 ndo ina majina, namba ya ndege, saa ya kuruka na ya kutua. Mi naanzaga na 541, haina porojo.

Fanyia mazoezi kwa Jean de Selys Longchamps wa 609. Januari 20, 1943 alikuwa kazini na ndege yake ya kivita aina ya Typhoon, akamwambia mwenzie rudi kambini, yeye akakata kona hadi Brussels bila ruhusa ya mtu akalimiminia risasi jengo la Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, pale Avenue Louise. Wakamshusha cheo, halafu wakampa medali ya ushujaa ya DFC kwa kosa hilohilo, we acha tu! Agosti 16 mwaka uleule akafa akijaribu kutua Manston, kambi ya ndege huko Uingereza.

Jina likigoma, litafute kwa herufi D, S na L, makarani waliandika walivyosikia.