Nyama na mboga kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo

Viazi na karoti viwe chini kabisa, nyama juu yake. Wengi hubisha, lakini kwenye moto huu viazi huchelewa kuiva kuliko nyama. Mimi hununua nyama ya mguu yenye mishipa, kilo moja. Sarara ni kupoteza hela, hukauka tu. Nyama ikaange kwanza hadi ishike rangi, kisha kitunguu, tangawizi na nyanya. Maji kikombe kimoja yanatosha, maana mvuke hautoki. Iache kwa saa 8 moto wa chini, na tafadhali usifunuefunue! Mchicha utie dakika 20 za mwisho. Ukitia maharage mekundu makavu, yachemshe pembeni kwanza. Yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Ndimu kamulia mezani.