Jumuiya ya Ujifunzaji ya Shule Jirani: Namna ya Kuiendesha Bagamoyo

Vikao vingi vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vya kata hudorora kwa sababu moja: vinageuka semina. Mwezeshaji anasoma moduli, walimu wananakili, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, soda, kwaheri. Anzeni na daftari za wanafunzi, moduli ije baadaye.

Kusanya walimu wa somo moja na darasa moja, tuseme Hisabati darasa la tatu, kutoka shule tatu au nne. Watu sita hadi kumi wanatosha. Wakizidi hapo, wawili watatu ndio watakaoongea na waliobaki watachezea simu. Dunda na Magomeni mtu anatembea kwa miguu. Fukayosi au Makurunge ni bodaboda, kwa hiyo walimu wakuu wapatane suala la nauli kabla ya kupanga tarehe. Mwalimu akijilipia mara mbili, ya tatu haji. Ijumaa iacheni kwa ajili ya swala. Jumatano saa 8 hadi saa 10 inafaa, isipokuwa Ramadhani, ambapo ni bora kuahirisha kuliko kukaa na watu waliochoka.

Siku tatu kabla, kila mwalimu atoe zoezi lilelile: maswali matano, dakika 20, bila kutia kalamu nyekundu. Alama ya kosa humfanya msomaji atazame maksi badala ya njia aliyopita mtoto. Kila mmoja aje na daftari sita, zichaguliwe kwa namba za rejista (ya 5, ya 10, ya 15 na kuendelea). Ukimwachia mwalimu achague mwenyewe, ataleta za wale wanaong'ara, na hapo hamna cha kujadili.

Kwenye kikao, pangeni daftari mezani kwa aina ya kosa, si kwa shule. Chukua swali la 402 − 178, ambalo jibu lake ni 224. Mtoto aliyeandika 376 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila safu: 8 toa 2, 7 toa 0, 4 toa 1. Huyu hajaelewa kabisa kukopa. Aliyeandika 234 amekopa, ila alipofika kwenye sifuri ameihesabu 10, akasahau kwamba kumi moja imeshapelekwa kwenye mamoja na zimebaki 9. Wote wamekosa, lakini dawa zao ni tofauti: wa kwanza arudi kwenye vijiti, mafungu ya kumi yafunguliwe mbele ya macho yake, wa pili anahitaji mazoezi ya namba zenye sifuri katikati, basi. Mkiishia kusema "watoto hawajui kutoa", mtarudi wote kufundisha mada nzima upya na mtapoteza wiki.

Tungeni somo moja la dakika 40 kwa kosa mlilolichagua, mmoja alifundishe kikao kijacho. Darasa la shule mwenyeji litabaki mchana, kwa hiyo wazazi waarifiwe mapema, maana watoto wengi wa huku huwa na madrasa muda huo. Watazamaji wakae pembeni, si nyuma, kwa sababu ukiwa nyuma unaona visogo tu. Kila mmoja apewe watoto watatu, aandike walichosema na walichofuta, wala asiwasaidie. Somo lisifanyiwe mazoezi na watoto walewale siku iliyotangulia; hilo ni igizo.

Baada ya somo, aliyefundisha aanze kuongea, dakika tano. Wengine waseme walichoona kwa mtoto fulani, sentensi za "mimi ningefanya hivi" zisubiri. Afisa Elimu Kata au mthibiti ubora akikaribishwa, mpatane waziwazi kwamba hakuna kitakachoandikwa kwenye tathmini ya utendaji ya mwalimu huyo. Bila hivyo hatapatikana wa kujitolea tena.

Wiki mbili baadaye toeni 503 − 267. Jibu ni 236. 364 na 246 ni makosa yaleyale mawili yakijirudia. Hesabuni waliopungua kwenye kila kosa, muandike kwenye ukurasa mmoja unaobaki shuleni kwa mwalimu wa taaluma. Kundi la WhatsApp litumike kwa picha za daftari pekee, jina la mtoto likiwa limekatwa. Rambirambi na michango ya harusi ifunguliwe kundi lake.