Ya kumaliza nchi kavu kabla ya kutoka Mombasa kuvua mbasi na nduaro

Mbasi au nduaro, samaki wakubwa wa mdomo mrefu kama mkuki, au jodari mkubwa, akishakamata chambo, hakuna tena nafasi ya kushauriana. Rili, gurudumu la kukunjia mshipi, inalia, mshipi unakwenda mamia ya mita, na aliyeshika fimbo bado anatafuta pa kukita miguu. Kwa hiyo naamini kazi kubwa ya uvuvi huu hufanyika chombo kikiwa bado kimefungwa gatini.

La kwanza ni msimu. Aprili hadi Julai upepo wa kusi huichafua bahari, na wenye vyombo wengi huvipandisha juu kuvitengeneza. Jodari hutafutwa zaidi kuanzia Agosti hadi Oktoba. Mbasi na nduaro ni wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Ukiahidiwa safari ya Juni kwa bei nafuu, iache.

Hata msimu ukiwa mzuri, uliza bamvua liko lini. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3, na maji yote hayo hutoka kwenye hori kupitia milango myembamba ya miamba. Maji yakitoka kwa nguvu huku upepo ukisukuma mawimbi kuja pwani, mlangoni mawimbi husimama wima na kupasuka. Nahodha wa hori la Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, anayejua kazi yake atakwambia saa ya kutoka na saa ya kurudi kwa kufuata maji. Kama hana jibu, tafuta mwingine. Anayetokea Kilindini, kwenye bandari ya Mombasa, ana jambo jingine la kuangalia: hiyo ni njia ya meli kubwa, na feri ya Likoni huikata mchana na usiku.

Leseni ya uvuvi wa michezo ikatwe mapema. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa hakuvuliwi kabisa, basi chambo kisitupwe mpaka muwe mmeshaipita. Si hasara, maana kina kirefu kiko kilomita chache tu nje ya mwamba.

Sasa breki ya rili, inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, na hapa nawaomba msikimbilie mbele. Ipimeni kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kuvuta na mkono. Kipimo kinachofaa ni kama theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi unaokatika kwa kilo 24, breki ya kilo 8 hivi. Wengi huharibikiwa samaki akishakimbia mbali. Wanaona mshipi unaisha, wanakaza. Lakini kadiri mshipi unavyopungua kwenye rili ndivyo breki inavyozidi kuwa nzito yenyewe: duara la mshipi likibaki nusu ya upana wake, uzito huwa maradufu. Ongeza hapo uzito wa mshipi mrefu unaoburutwa majini, na ukikaza kidogo tu unakatika. Dawa ni nahodha kugeuza chombo na kumfuata samaki, nawe ukusanye mshipi wako. Hilo lisemwe kabla ya safari, kila mmoja alisikie.

Kubalianeni pia nani atashika kiongozi cha mshipi, yaani kipande kinene cha mwisho karibu na ndoana, samaki akifika ubavuni. Awe baharia mzoefu mwenye glovu nene, asiyezungusha kiongozi kiganjani hadi kikajifunga, kwa sababu nduaro akipiga mbizi humchukua mtu pamoja naye. Mdomo wake mrefu hutoboa mwili, kwa hiyo wengine wakae mbali. Kisu na koleo la kukatia viwe mahali pamoja panapojulikana.

Na aachiwe au achukuliwe? Amueni mapema. Mimi nasema mbasi na nduaro waachiwe. Ukikusudia hivyo, tumia ndoana ya mviringo kwenye chambo cha samaki; mara nyingi hunasa pembeni mwa kinywa badala ya kumezwa tumboni. Samaki abaki majini, chombo kitembee polepole ili maji yapite kwenye matamvua hadi apate nguvu. Wakfu wa African Billfish Foundation, ulioko Watamu, hukusanya taarifa za samaki waliowekwa alama na kuachiwa, basi muulize nahodha kama anazo alama hizo. Nguru au fulusi wa kitoweo hamkatazwi.

Mwenye kulevywa na bahari anywe dawa kabla ya kupanda, na mahamri ya mafuta yangoje jioni. Maji ya kunywa yawe mengi.

Mwisho kagua chombo: jaketi la kuokolea kwa kila mtu, linalomtosha, redio inayofanya kazi kwenye chaneli 16, ya kuombea msaada baharini, mafuta ya kwenda, kurudi na akiba. Mwachie mtu wa nyumbani jina la chombo, mlango mtakaotokea na saa ya kurudi, na mpatane saa ngapi ikipita awapigie walinzi wa pwani.