Kabla ya kubadilisha programu ya injini ya dizeli

Ukitaka kuongeza nguvu ya gari la dizeli kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, unganisha kwanza kwenye betri chaja inayoshikilia volti 13 hivi bila kuyumba. Umeme ukishuka programu mpya ikiwa bado inaingia, kompyuta inaweza kufa na gari lisiwake tena. Zima taa, redio na feni. Fundi asome programu ya awali na akupe nakala uitunze mwenyewe, hilo usikubali kulikosa. Kama injini inatoa moshi mweusi, mpira wa turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) unavuja au klachi inateleza, tengeneza hayo kwanza. Klachi hasa, maana dizeli husukuma kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole.