Kutembea kwa mdundo: mpenzi wa muziki mwenye Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson hupunguza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, kwenye ubongo, na kinachoharibika ni ule mwendo tunaoufanya bila kuufikiria. Hatua hufupika, nyayo hukokota, na mlangoni au kwenye kona miguu hugoma kana kwamba imegundishwa sakafuni. Mdundo unaosikika humpa mgonjwa mahali pa kuushikiza mwendo huo. Hauponyi wala haushiki nafasi ya dawa, lakini mtu aliyezoea kushinda na redio hahitaji kubembelezwa ili afanye zoezi hili.

Kwanza pima kasi yake. Atembee kama kawaida kwa sekunde 30, uhesabu hatua za miguu yote miwili, kisha zidisha kwa mbili. Zikiwa 44, kasi yake ni hatua 88 kwa dakika. Weka metronomu ya simu, yaani programu inayotoa mlio kwa mdundo usiobadilika, kwenye 88 hiyohiyo, atembee mpaka kisigino kitue pamoja na mlio. Akishazoea, ongeza asilimia 5, yaani 92. Baadaye asilimia 10 juu ya ile 88 ya mwanzo, kama 97. Wengi huharibu hapa kwa kuruka hadi 110 siku ya kwanza. Hatua zinakuwa nyingi na fupi, kiwiliwili kinatangulia mbele, na miguu inaanza kumkimbiza.

Sasa chagua nyimbo anazozipenda zenye kasi hiyo. Zipo programu za simu unazozigonga kwa kidole kufuata wimbo, nazo zinakupa mapigo kwa dakika. Besi au ngoma isikike wazi. Taarab ya taratibu ni tamu masikioni, ila mguu haupati pa kukanyagia. Chakacha huhesabika kwa namna mbili, kwa hiyo sikiliza kwanza mguu wake unafuata ipi. Rumba ya Kongo ndiyo ya kuangaliwa zaidi: inaanza kwa utulivu, sebene (ile sehemu ya magitaa yenye kasi) ikiingia mgonjwa anaharakishwa bila kutaka. Ikate kabla ya hapo, au sebene aipigie makofi akiwa ameketi.

Fanyeni zoezi wakati dawa imeshika, kwenye sakafu isiyo na mikeka wala nyaya. Dakika 10 zinatosha kuanzia. Msaidizi akae upande ulio dhaifu, nyuma kidogo, asimvute mkono na asimpigishe soga, maana mazungumzo huuteka umakini anaouhitaji kutembea. Kugeuka kuwe kwa duara pana, si kuzunguka papo hapo. Akivaa spika za masikioni, avae upande mmoja tu. Bodaboda lazima isikike.

Miguu ikiganda, asilazimishe. Asimame wima, avute pumzi, ahamishe uzito kushoto na kulia kwa kufuata mdundo mara tatu au nne, kisha atoe hatua moja ndefu. Kumsukuma mgongoni ni kumwangusha.

Aliyeanguka karibuni, au anayeshikwa na kizunguzungu kila akisimama, aonwe kwanza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Na simu ikiishiwa chaji njiani? Aimbe wimbo uleule kimoyomoyo. Kwa hiyo tangu wiki za mwanzo zima muziki katikati ya zoezi, aendelee hatua 20 akiuimba kichwani, halafu uwashe tena uone kama bado yuko kwenye mdundo.