Somo: Kujongea kwa Utambuzi, Kuanzia Sakafuni hadi Kitini

Wengi wetu tukisikia habari za kuutunza mwili hufikiria mazoezi ya kutoka jasho. Somo hili lina shabaha nyingine, nayo ni kumfundisha mtu kuhisi jinsi anavyojongea, ili aache kutumia nguvu asizozihitaji anapoketi, anaposimama na anapoinama. F. M. Alexander wa Australia, aliyekuwa akighani mashairi jukwaani na kupotewa na sauti mara kwa mara, alijitazama kwa makini kwenye vioo akagundua kwamba kila alipotaka kusema alikirudisha kichwa nyuma na kukaza shingo bila kujua; kutokana na hilo akaunda njia ya kujifunza iitwayo mbinu ya Alexander. Moshe Feldenkrais (1904–1984), mhandisi na mwanajudo, naye aliendeleza njia yake mwenyewe ya kujifunza kujongea kwa utambuzi baada ya kuumia goti.

Jambo linalowashangaza wanaoanza ni agizo la kujongea kidogo na polepole. Ndani ya misuli, kano na viungo mna vipokezi vinavyoarifu ubongo kuhusu mkazo na mkao wa kila sehemu, lakini nguvu ikiwa kubwa, tofauti ndogo hazihisiki: aliyebeba gunia zito hatambui likiongezwa konzi moja ya nafaka, ilhali aliyeshika karatasi huhisi mara moja ikiwekewa sarafu. Tukipunguza nguvu, ndipo tunapoanza kujifunza.

Hatua ya kwanza: lala chali juu ya mkeka au blanketi, miguu ikiwa imenyooka, na usirekebishe chochote. Chunguza tu ni wapi mwili unaigusa sakafu na ni wapi haugusi, kisha linganisha upande wa kulia na wa kushoto.

Hatua ya pili: kunja magoti na usimamishe nyayo sakafuni. Viringisha nyonga taratibu mpaka sehemu ya chini ya mgongo ikaribie sakafu, halafu irudishe mpaka uwazi mdogo ujitokeze tena chini ya kiuno. Rudia mara kumi hivi, ukipumzika kila unapohisi haja. Hapa ndipo kiini cha somo kilipo, kwa hiyo usiharakishe. Je, umeizuia pumzi? Je, taya limekaza? Je, tumbo linafanya kazi ambayo nyayo zingeweza kusaidia kwa kuisukuma sakafu kidogo tu? Shingo ikiwa huru, utaona kidevu nacho kikipanda na kushuka kidogo chenyewe, kwa sababu mjongeo wa nyonga umepita kwenye uti wa mgongo mzima hadi kichwani. Usikilazimishe, ukikilazimisha, hutajua kama mjongeo umefika au umeutengeneza wewe.

Hatua ya tatu: nyoosha miguu tena, tulia, na uangalie kama mgongo unaigusa sakafu tofauti na mwanzo.

Hatua ya nne: keti kwenye nusu ya mbele ya kiti kisichoyumba, nyayo zikiwa zimerudi nyuma kidogo ya magoti, na uweke kiganja kimoja kisogoni. Inama mbele kutoka kwenye viungo vya nyonga mpaka uzito uhamie miguuni, kisha inuka. Iwapo misuli iliyo chini ya kiganja inakakamaa kabla hujaondoka kitini, rudi, tulia, na ujaribu tena kwa haraka ndogo zaidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, nikifanya hivi naweza kuacha kutembea na mazoezi mengine?

Jibu: Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na somo hili halipandishi mapigo ya moyo kiasi hicho. Faida yake ni kwamba huko kutembea kwenyewe kunakuwa kwepesi zaidi.

Swali: Nina maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Kuna ushahidi wowote?

Jibu: Upo, ingawa hautoshi kudai kwamba njia hizi huponya kila kitu, na mimi simwamini mwalimu anayedai hivyo. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 579 na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliopata masomo 24 ya mbinu ya Alexander walikuwa, baada ya mwaka mmoja, na takriban siku 3 za maumivu katika wiki nne, wakati waliopata huduma ya kawaida walikuwa na siku 21. Hata hivyo, mguu ukipoteza nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali mara moja.

Swali: Mama yangu ni mzee na hawezi kushuka sakafuni. Afanyeje?

Jibu: Aifanye hatua ya pili kitandani, au akiwa ameketi, akiviringisha nyonga mbele na nyuma juu ya mifupa ya makalio. Anapofika hatua ya nne, simama karibu naye, na kiti kiegemee ukuta.